Ukungu, Sakitu na Nani wa Kulipa

Tangu Juni iingie, barua nyingi zinazofika kwenye safu hii zinatoka kwa watu waliopata ajali barabarani wakati wa baridi, na karibu zote zina sentensi moja inayofanana: "haikuwa kosa la mtu, ilikuwa hali ya hewa." Nimechagua barua tatu za kujibu kwa urefu na moja ya kujibu kwa ufupi. Majina ya waandishi nimeyaacha kwa ombi lao.

SWALI: Shikamoo wakili. Mimi ni dereva wa Noah inayobeba abiria kati ya Tukuyu na Mbeya. Mwezi uliopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa napandisha kutoka Kiwira kuelekea Isongole, na ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kutouona mstari wa katikati ya barabara. Ghafla nikajikuta nyuma ya Fuso lililoharibika na kusimama kwenye njia yangu, halina taa ya hazadi wala kibao cha pembetatu, ila matawi mawili ya mti yaliyolazwa hatua chache nyuma yake. Nilikanyaga breki, gari likateleza, nikaligonga. Abiria wangu watatu waliumia. Trafiki ameandika kwamba kosa ni langu kwa sababu niligonga kwa nyuma. Mimi nasema ukungu ni kazi ya Mungu, na aliyeziba njia ni mwenye Fuso. Nani alipe? – Dereva, Kiwira.

JIBU: Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa yaliyokupata. Nianze na hilo la kazi ya Mungu, kwa kuwa ndilo linalowapoteza wengi. Sheria inautambua utetezi wa namna hiyo, lakini mlango wake ni mwembamba sana: tukio la asili linapaswa kuwa la ajabu kiasi kwamba mtu mwenye busara ya kawaida asingeweza kulitazamia wala kujikinga nalo. Ukungu wa Isongole mwezi Juni si tukio la namna hiyo. Mtu anayeendesha gari njia hiyo kila siku hawezi kusimama mbele ya hakimu na kusema kwamba ukungu ulimshtukiza. Atakachoulizwa ni kwamba, baada ya kuuona, alifanya nini.

Hapa Tanzania hatuna sheria moja iliyoandikwa inayoeleza uzembe wa madai kifungu kwa kifungu. Kanuni zake tulizipokea kutoka Uingereza, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kupitia sheria ambayo leo ni Sura ya 358 ya Sheria za Tanzania, na mahakama zetu zimeendelea kuzikuza tangu hapo. Anayedai anatakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba mdaiwa alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari kwa ajili yake, kwamba wajibu huo ulivunjwa, na kwamba madhara yalitokana na kuvunjwa huko. Wajibu wa dereva kwa watumiaji wengine wa barabara haubishaniwi na mtu. Ubishi wote uko katika jambo la pili, na hapo ndipo hali ya hewa inapoingia, kwa maana kiwango cha tahadhari hupanda kadiri hatari inavyopanda.

Tufanye hesabu kidogo. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata takriban mita 22 kila sekunde. Mtu wa kawaida huhitaji kama sekunde moja na nusu ya kuona, kuamua na kupeleka mguu kwenye breki. Katika muda huo gari limeshakwenda mita 33 kabla breki haijaanza kufanya kazi. Ikiwa ukungu unakuruhusu kuona mita 30 tu, maana yake ni kwamba kwa mwendo huo ulikuwa umeshaligonga Fuso kabla mguu haujagusa breki. Kwa kilomita 40, mita hizo 33 zinakuwa kama 17, na unabakiwa na nafasi ndogo ya kupunguza. Hukuniambia ulikuwa unakwenda mwendo gani. Wakili wa upande wa pili atakuuliza kabla ya jambo lingine lolote, na usitegemee kwamba kibao cha kilomita 80 kitakusaidia, kwa sababu mwendo unaoruhusiwa ni ukomo wa juu tu, na haumaanishi kwamba ni salama kwa kila hali ya hewa.

Kuhusu kuteleza, mahakama ya rufaa ya Uingereza iliamua mwaka 1941, katika shauri la lori lililoteleza kwenye barabara yenye theluji na barafu, kwamba kuteleza peke yake hakusemi lolote. Kunaweza kutokana na uzembe na kunaweza kusitokane nao. Sababu ya kuteleza ndiyo inayotafutwa. Kwa hiyo hali ya tairi zako siku ile ina uzito mkubwa. Kama zilikuwa vipara, ukungu hautakuokoa.

Sasa nikutetee. Hakuna sheria inayosema kwamba anayegonga kwa nyuma ana kosa kila mara. Ni dhana tu inayotokana na uzoefu, na ushahidi unaweza kuibomoa. Dereva wa Fuso alikuwa na wajibu wake mwenyewe: kulisogeza gari pembeni kadiri ilivyowezekana, kuwasha taa za tahadhari, na kuweka vibao vya pembetatu kwa umbali unaompa anayekuja nafasi ya kusimama. Matawi ya miti ni desturi ya zamani ya barabara zetu, nami siidharau, maana imeokoa wengi mchana wa jua. Lakini tawi bichi juu ya lami iliyolowa, ndani ya ukungu, hatua chache nyuma ya gari, huonekana pale ambapo gari lenyewe nalo limeshaonekana. Halikumwonya mtu. Katika hali kama hiyo mahakama ina mamlaka ya kugawa lawama chini ya Sura ya 310, ikaona kwa mfano kwamba wewe una sehemu kadhaa na mwenye Fuso ana sehemu kadhaa, na fidia ya kila mmoja ikapunguzwa kwa kiasi cha uzembe wake mwenyewe. Abiria wako hawana sehemu katika mzozo wenu. Wanaweza kuwashtaki nyote wawili pamoja na wamiliki wa magari yote mawili, kwa kuwa mwajiri hujibu kwa uzembe wa dereva wake aliyekuwa kazini.

Lingine ni la tahadhari, nami nalisema kwa sababu nimeliona mara nyingi katika korido za mahakama. Maandishi ya trafiki si hukumu. Ni ushahidi, na unaweza kuhojiwa. Lakini ukipelekwa mahakamani kwa kosa la jinai ukakiri ili ulipe faini na kurudi kazini, basi hukumu hiyo itakufuata kwenye kesi ya madai, na itakuwa vigumu sana kusema baadaye kwamba hukuwa mzembe. Faini yenyewe inakwenda Serikalini. Haimlipi abiria aliyevunjika mkono hata shilingi moja. Kwa hiyo kabla ya kukiri "ili mambo yaishe", mwone wakili, maana huenda mambo ndiyo yanaanza.

Na kama hujafanya hivyo, rudi pale mahali saa ileile, asubuhi yenye ukungu, pamoja na mtu mwingine, mkapige picha kutoka umbali wa mita 20, 30 na 50. Askari alipofika kuchora ramani ya ajali, huenda saa nne ilishagonga, ukungu umepanda, jua linawaka, na barabara inaonekana mpaka kona ya pili. Ramani ya saa nne haielezi kilichoonekana saa kumi na mbili na nusu. Ikaguliwe pia ramani hiyo kama ina yale matawi, kwa sababu yakishaondolewa barabarani hakuna mtu atakayeyakumbuka.

SWALI: Mheshimiwa wakili, mimi ni mama wa miaka 41, nauza ndizi na maparachichi Igawilo. Niliumia mguu katika gari la abiria lililopinduka kwenye mteremko wakati wa mvua ya baridi. Siku ya tatu, nikiwa bado wodini, alikuja mtu akasema ametumwa na tajiri wa gari. Alinipa shilingi laki tatu na karatasi ya kusaini. Sikuisoma vizuri, nilikuwa na maumivu. Sasa ni miezi saba, natembea kwa magongo, na tajiri anasema tulishamalizana. Pia bima wanasema gari lilijaza kupita kiasi na mimi sikufunga mkanda. Je, nimepoteza haki yangu? – Mama wa sokoni, Igawilo.

JIBU: Mama, pole sana. Karatasi hiyo ni mkataba, na mkataba hupimwa kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo inataka ridhaa iwe ya hiari. Ridhaa iliyopatikana kwa shinikizo, kwa kumtumia vibaya mtu aliye katika hali dhaifu, kwa ulaghai au kwa maelezo yasiyo ya kweli, humpa aliyeonewa haki ya kuuomba mkataba huo utenguliwe. Mtu aliyelala wodini siku ya tatu baada ya kuvunjika mguu, akiwa kwenye dawa za maumivu, bila ndugu wala mshauri pembeni, na bila daktari kuwa ameshasema ulemavu utakuwa wa kiasi gani, ana hoja ya kusikilizwa. Sisemi kwamba utashinda bila jasho. Nasema usikubali kuambiwa kwamba mlango umefungwa. Tafuta nakala ya karatasi hiyo, na cheti cha hospitali kinachoonyesha ulikuwa wodini tarehe uliyosaini, pamoja na dawa ulizokuwa unapewa siku hiyo. Laki tatu ulizopokea, zihesabu kama malipo ya awali. Mahakama itaweza kuzitoa kwenye kiasi itakachoamua.

Kuhusu mkanda na kujaza gari. Kujaza ni kosa la dereva na mmiliki. Abiria aliyelipa nauli hakupanga idadi ya watu. Mkanda ni suala jingine, na swali la kwanza ni kama kiti ulichokaa kilikuwa na mkanda unaofanya kazi, maana katika magari mengi ya njia hiyo mkanda wa nyuma umezama chini ya kiti au umekatwa. Kama ulikuwepo na hukuufunga, bado haki yako haifi. Mahakama za Uingereza ziliweka mwaka 1975 kipimo ambacho mawakili wa hapa hukirejea: kama mkanda ungezuia majeraha yote, fidia hupunguzwa kwa asilimia 25, kama ungeyapunguza makali tu, asilimia 15, na kama usingebadili chochote, haipunguzwi. Mahakama zetu hazifungwi na hesabu hiyo, lakini inaonyesha kwamba hata anapolaumiwa, abiria hubaki na sehemu kubwa ya madai yake.

Nataka tukae zaidi kwenye kiasi, kwa sababu hapo ndipo wafanyabiashara wa sokoni hupoteza. Fidia iko ya aina mbili. Fidia mahsusi ni ile inayohesabika: gharama za hospitali, magongo, nauli za kwenda kliniki, mshahara wa msichana unayemlipa akusaidie nyumbani, na kipato ulichokosa. Mahakama ya Rufani imeshikilia tangu mwaka 1992 kwamba fidia ya aina hii lazima itajwe waziwazi kwenye hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Ukisema tu "nilikuwa napata elfu hamsini kwa siku" utaondoka mikono mitupu, hata kama ni kweli na soko zima linajua. Fidia ya jumla ni ya maumivu, ulemavu na kupungukiwa na raha ya maisha, na hiyo hakimu huikadiria mwenyewe.

Najua unauza kwa mkono na hutoi risiti. Lakini unayo daftari unaloandika madeni ya wateja. Unazo stakabadhi za ushuru wa soko, na ushuru huo hulipwa siku ambazo mtu amefika sokoni, kwa hiyo pengo la miezi saba litaonekana lenyewe. Kuna ujumbe wa malipo kwenye simu yako, uliotumiwa na wanunuzi wa jumla. Yuko mkulima wa Rungwe anayekuletea mikungu, naye anaweza kuja kusema alikuwa anakuletea mingapi kwa wiki na tangu lini ameacha. Mimi ningeanza na daftari, hata kama limelowa na kuchafuka. Daftari chafu lililoandikwa kwa kalamu tatu tofauti huaminika kuliko orodha safi iliyochapwa juzi.

Fomu ya PF3 uliyopewa polisi kwa ajili ya matibabu itunze, na uombe taarifa ya polisi ya ajali, PF90. Muda wa kufungua madai ya uzembe ni miaka mitatu tangu haki ya kudai ilipotokea, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Miezi saba si mingi, lakini usisubiri mguu upone kabisa. Kama huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua mawakili na wasaidizi wa kisheria wanaotoa huduma bila malipo kwa wasio na uwezo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako inaweza kukuelekeza.

SWALI: Kamwene, wakili. Nina gari dogo la mizigo, nabeba viazi kutoka Kitulo kwenda Mbeya. Alfajiri moja mwezi wa saba, kabla ya kufika Isyonje, gari liliteleza juu ya daraja dogo lililokuwa na sakitu, yaani umande ulioganda, likaingia mtaroni. Utingo wangu alivunjika mkono, gari limeharibika vibaya. Nina bima ndogo tu. Nasikia huko Ulaya serikali hulipa watu wakiteleza kwenye barafu. Je, naweza kuwadai wenye barabara? – Mama Viazi, Makete.

JIBU: Kamwene, mama. Uliyosikia yana ukweli nusu, na nusu iliyobaki inafundisha. Mwaka 1991 mtu mmoja aliteleza na gari lake kwenye barafu isiyoonekana katika jimbo la East Sussex, Uingereza, akapooza karibu mwili mzima. Aliishtaki halmashauri, na mwaka 2000 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikaamua kwamba wajibu wa kuitunza barabara ulihusu kukarabati uso wake, wala haukuhusu kuondoa barafu. Alishindwa. Bunge lao ndilo lililobadili sheria mwaka 2003, likaweka wajibu wa kuhakikisha, kadiri inavyowezekana kwa busara, kwamba theluji na barafu havihatarishi usalama wa wapitao. Hata leo, basi, anayeteleza huko halipwi kwa kuteleza tu. Halmashauri ikionyesha kwamba ilikuwa na mpango mzuri wa kumwaga chumvi na iliufuata, madai huanguka. Na madereva wao wanaambiwa na mwongozo wa barabara kwamba umbali wa kusimama kwenye barafu unaweza kufika mara kumi ya ule wa barabara kavu.

Sisi hatuna kifungu kama hicho, na sakitu ya Kitulo huyeyuka jua likichomoza. Siwezi kukushauri uishtaki Serikali kwa ajili ya sakitu. Ingekuwa vingine kama daraja lilikuwa na ubovu unaojulikana, mathalani kingo zilizong'oka na kuachwa, au maji ya mtaro ulioziba yanayovuka barabara kila siku na kuganda usiku. Hapo kuna mtu aliyepaswa kufanya kazi na hakuifanya. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS, za wilaya chini ya TARURA, na katika madai dhidi ya taasisi za Serikali unatakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90 chini ya Sura ya 5, kisha shauri liende Mahakama Kuu. Umeliangalia daraja hilo mchana? Kama kuna mtaro ulioziba, niandikie tena.

Bima ndogo hailipi gari lako. Hulinda watu wengine waliodhuriwa nalo. Sura ya 169 inailazimisha kwa ajili ya vifo na majeraha, na mali za wengine hutegemea kilichoandikwa kwenye mkataba wako. Gari utalitengeneza mwenyewe. Utingo, kwa upande wake, aliumia akiwa kazini, na njia yake ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambako haulizwi nani alizembea bali kama aliumia kazini. Swali gumu litakuja kwako: umemsajili na kumchangia? Wenye magari mengi ya viazi hawajafanya hivyo, wakidhani mfuko ni wa viwanda na ofisi. Toa taarifa ya ajali hiyo wiki hii hata kama usajili wako una kasoro. Kumficha kijana kutakugharimu zaidi.

SWALI: Gari lililonigonga Mlima Nyoka lina stika ya bima kwenye kioo. Nitajuaje kama ni ya kweli? – Msomaji, Uyole.

JIBU: Kopi namba ya stika na namba ya gari, kisha uzihakiki kwenye mfumo wa mtandao wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, utaona kampuni iliyotoa na tarehe ya kuisha. Fanya leo, na upige picha ya stika hiyo kabla gari halijatolewa kituoni. Ukikuta ni halali, iandikie kampuni ya bima barua mapema kuwaarifu kwamba unakusudia kudai, ukabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu ukishinda kesi bila kampuni kuwa na taarifa inaweza kukataa kuilipa hukumu hiyo. Ukikuta ni ya bandia, mdai dereva na mmiliki moja kwa moja, na ujulishe polisi, kwa kuwa kuliweka gari barabarani bila bima ni kosa la jinai peke yake.